Ukiwa na Bunduki Moja Tu ya Kuwindia

Mteja akifika kwangu kuulizia bunduki, kabla hajataja jina la kiwanda chochote nasimamisha risasi tatu mezani. Fupi mbili na ndefu moja. Ya kwanza .30-06, ya pili 9.3x62, ya tatu .375 H&H. Namwambia aishike kila moja, aigeuze, apime uzito kwa kiganja. Karibu kila mmoja hurudisha mbili za kwanza na kubaki na ile ndefu mkononi.

Naandika haya sasa kwa sababu msimu wa uwindaji hufunguka Julai, na kuanzia masika simu za wanaotaka kununua huongezeka. Suala la vibali nalipita haraka: chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hakuna silaha bila leseni, basi anzia polisi kabla hujalipa senti, kisha ndipo uende kwa watu wa wanyamapori kwa leseni ya kuwinda. Nimeona watu wakilipia bunduki kwanza, halafu inakaa kwa muuzaji miezi na miezi.

Turudi mezani. Hiyo .30-06 ilitoka jeshi la Marekani mwaka 1906, na ndiyo maana ya hiyo 06. Kichwa cha risasi cha greni 180, yaani gramu 11.7, kinatoka mdomoni mwa mtutu kwa takribani mita 820 kwa sekunde. Kwa pongo, swala pala, ngiri, kongoni, nyumbu, hata tandala, hutahitaji zaidi ya hapo. Kama hufikirii kabisa kumfuata nyati, acha kusoma hapa, nunua hiyo, pesa inayobaki nunulia risasi za mazoezi. Nasema hivyo kwa moyo wote, na nimewaambia hivyo hata wateja waliokuja na pesa ya kununua kubwa zaidi.

Hiyo 9.3x62 naipenda kuliko ninavyoweza kueleza kwa hesabu. Otto Bock, fundi wa Berlin, aliitengeneza mwaka 1905, mwaka uleule vita vya Maji Maji vilipoanza huku kwetu. Aliipima ikae ndani ya mtambo wa kawaida wa Mauser 98, bunduki ya jeshi la Wajerumani, hivyo mkulima asiye na fedha za bunduki ya kifahari akapata kichwa cha gramu 18.5 kwa bei anayoimudu. Ndiyo maana ilienea sana katika makoloni ya Wajerumani, yetu ikiwemo. Teke lake begani unapopiga ni la kistaarabu. Tatizo ni mawili: risasi zake ni adimu kuliko za .375, na mahali ambapo kanuni inadai upana wa .375 ya inchi kwa wanyama hatari, yeye anabaki nje kwa sehemu ndogo ya milimita.

Ndiyo tunafika kwa ile ndefu. Holland & Holland watengenezaji bunduki wa London, waliitoa mwaka 1912. Itazame kwa karibu: haina bega kali kama zile nyingine, inateremka polepole kutoka kitakoni hadi shingoni, na chini ina mkanda wa shaba uliozunguka ganda. Umbo hilo lina sababu. Baruti ya enzi hizo, kodaiti, ilikuwa ya nyuzi nyuzi na ilipandisha mgandamizo kwenye joto kali, ganda likanasa kwenye chemba, tundu inamokaa risasi. Ganda lenye mteremko likilegea kidogo tu linatoka. Lakini bega la mteremko haliwezi kushika vizuri lisizame ndani mno, ndipo mkanda ukawekwa ufanye kazi hiyo. Baruti za leo ni tulivu zaidi, ila utamu wa umbo lile umebaki: inaingia na kutoka kama imepakwa mafuta.

Kichwa cha greni 300, gramu 19.4, kinatoka kwa kiasi cha mita 770 kwa sekunde. Hiyo ni nguvu ya jouli 5,700 na ushee, wakati .30-06 ina kama 3,900. Kwa nyati inatosha ukiipiga mahali pake. Ukiweka kichwa cha greni 270 inaruka karibu sawa na .30-06, kwa hiyo pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, akisimama mita 200 ng'ambo ya mbuga si tatizo. Ndiyo maana wawindaji bingwa wengi hawaiachi. Kuna jambo jingine ambalo wageni hulitambua wakishapata shida: mzigo wa risasi ukipotea kwenye ndege, kambini hakosekani mtu mwenye .375.

Sasa niseme jambo ambalo wauzaji hawapendi kulisema. Wengi wanaonijia wameshaamua kwamba kubwa zaidi ni bora zaidi. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja wa Mbezi alileta bunduki yake ya .458, kubwa kuliko hizi zote tatu, akilalamika kwamba haipigi sawasawa. Tulikwenda uwanja wa shabaha. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, naomba leo nikupakilie mimi." Risasi mbili za kweli, ya tatu nikaweka ya mazoezi isiyo na baruti bila kumwambia. Alipovuta triga palisikika "tik" tu, na mdomo wa mtutu ukashuka vidole vitatu, macho yamefumba, bega limejikunja. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe ni mimi, fundi." Bunduki yake haikuwa na kosa hata moja. Mwili wake ulikuwa unaogopa teke kabla halijaja.

Hata .375 inapiga teke karibu mara mbili ya .30-06. Kwa hiyo uzito ni rafiki yako: bunduki ya kilo nne na zaidi pamoja na darubini itakuchosha kuibeba, lakini itakupokea vizuri unapopiga. Darubini iwe ya ukuzaji mdogo, 1 hadi 4 au 1.5 hadi 5, na iache nafasi ya angalau sentimita tisa toka jichoni, teke lisije likakupiga nayo usoni. Nimeshona nyusi moja mwenyewe kambini, sitaki kushona ya pili.

Kwenye mtambo nachagua ule wa Mauser, au wa asili yake, wenye ukucha mrefu unaoishika risasi tangu inapotoka magazini. Ujaribu hivi dukani, kwa risasi bandia zisizo na baruti, mdomo wa mtutu ukielekea mahali salama: sukuma bolti, lile komeo la kupakilia, taratibu na utazame kitako cha risasi kikipanda chini ya ukucha. Kisha fanya kwa nguvu na haraka. Kisha laza bunduki ubavu. Ikikwama hata mara moja, irudishe kwenye rafu. Mbele ya nyati aliyejeruhiwa, risasi ya pili ndiyo bunduki yenyewe.

Halafu kuna hewa ya Dar, ambayo haiandikwi kwenye vitabu vya Ulaya. Chumvi ya bahari inakula chuma, na unyevu unavimbisha mbao. Jamaa mmoja anayekaa Msasani aliipima shabaha bunduki yake Aprili, mvua zikinyesha, akapiga vizuri sana. Agosti akiwa upande wa Tabora, kukavu, vumbi tupu, ikapiga sentimita 12 kushoto. Alimlaumu aliyemuuzia darubini. Nilitoa noti ya elfu mbili, ile yenye simba, nikaipitisha kati ya mtutu na mbao kuanzia mbele. Ilikwama katikati. Mbao ilikuwa inausukuma mtutu, na kila hali ya hewa ilipobadilika nayo ikausukuma kivingine. Nikakwangua kidogo kidogo mpaka noti ikateleza hadi chemba, nikaziba mbao kwa mafuta ya kitani, tabaka baada ya tabaka.

Kama hupendi kazi hiyo, nunua yenye kitako cha plastiki ngumu. Haina uzuri wa mbao ya mjozi, nakubali, lakini haijui masika. Na tafadhali usihifadhi bunduki ndani ya mfuko wake wa sponji. Sponji inanyonya jasho la mji huu na kulishikilia kwenye chuma usiku kucha. Nimefungua mifuko nikakuta alama ya zipu imechorwa kwa kutu juu ya mtutu. Iweke kwenye kabati la chuma lililofungwa, mahali pakavu, imepakwa mafuta mepesi, na uipanguse kila wiki mbili.

Yule mzee wa Mbezi aliuza .458 yake kwa taratibu zote, akachukua .375 iliyotumika, ya mbao, yenye mikwaruzo. Tulianza na risasi tano kwa siku, si zaidi, bega limewekewa mto. Mwezi uliopita niliweka tena ile isiyo na baruti kimyakimya, mdomo wa mtutu ukabaki palepale. Noti ya simba inapita hadi mwisho, nimemwambia ailete tena masika yakiisha.