Je, wajua kwa nini ndege ya B-17 ilibeba rashasha 13?

Katika Vita vya Pili vya Dunia, B-17 ya Marekani ilidondosha mabomu juu ya Ujerumani mchana kweupe, ikiwa na watu 10. Toleo lake la G, lililoingia vitani mwaka 1943, lilikuwa na rashasha 13 za milimita 12.7. Hazikupangwa zote kwa pamoja. Nyingi ziliongezwa baada ya kubainika upande ambao ndege haikuweza kujitetea.

Matoleo ya kwanza hayakuwa na rashasha mkiani. Toleo la E la mwaka 1941 likaziba pengo hilo. Wajerumani wakahamia mbele: mwishoni mwa 1942, Egon Mayer na marubani wenzake walianza kushambulia uso kwa uso, kwani puani silaha zilikuwa chache na marubani wa B-17 walikaa huko huko. Ndege mbili zinapokimbiliana, mpiga rashasha hupata sekunde chache tu za kulenga. Ndiyo maana toleo la G likawekewa rashasha mbili chini ya pua.

Nafasi iliyonigusa zaidi ni ya tumboni. Mpiga rashasha alijikunja ndani ya tufe la chuma na kioo lililoning'inia chini ya ndege, magoti yakiwa juu, akitazama katikati ya miguu yake. Kwa kawaida parachuti ilibaki nje kwa kukosa nafasi. Ili atoke, sharti mitutu ielekezwe chini, mlango upate kufungukia ndani ya ndege. Umeme ukikatika, wenzake walilizungusha tufe kwa mkono. Wapiga rashasha wa ubavuni nao walipigwa na baridi iliyoshuka chini ya nyuzi 40 hasi.

Ndege ziliruka kwa makundi yaliyopangwa kama ngazi, moja ikifunika mapengo ya nyingine. Hata hivyo, kulenga kitu kinachokwenda kasi huku nawe unakwenda kasi ni kazi ngumu mno. Oktoba 14, 1943, ndege 291 za B-17 zilitumwa kushambulia viwanda vya beringi vya Schweinfurt, Ujerumani, na 60 zilidunguliwa. Ndege ndogo za kuwasindikiza zilikuwa zimegeuka njiani kwa uchache wa mafuta.

Kilichowaokoa wengi ni msindikizaji mwenye masafa marefu, P-51 Mustang yenye matangi ya ziada, ambayo Machi 1944 ilifika hadi Berlin. Baadaye B-17 nyingi zikaanza kuruka na mpiga rashasha mmoja wa ubavuni badala ya wawili.