Mbuzi hafi kwa kugusa wavu wa umeme

Ukitaja wavu wa umeme, yaani uzio wa nyuzi zinazopitisha umeme, kwa wafugaji wa Newala au Nachingwea, la kwanza utakalosikia ni: "Utaniulia mbuzi wangu." Hofu hiyo naielewa, kwani umeme tuliouzoea ni ule wa nguzoni. Lakini mashine ya uzio haitoi umeme mfululizo. Hupiga mpigo mfupi sana, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, kisha hutulia kama sekunde nzima. Volti zinafika maelfu, ila nishati yake ni ndogo: mbuzi anachomwa pua, anaruka nyuma, anakumbuka. Kinachoua ni kuunga wavu moja kwa moja kwenye soketi ya nyumbani. Hilo usilifanye kamwe, hata kwa usiku mmoja.

Huku kwetu tatizo mara nyingi ni kinyume chake: wavu kukosa makali. Umeme hupita kwa mbuzi, ukashuka ardhini kwa kwato, ukarudi mashineni kupitia nondo ya ethi, yaani chuma kilichochimbiwa ardhini na kuungwa na mashine. Kiangazi, mchanga wa chini ya mikorosho hukauka ukawa kama unga, na umeme haupiti vizuri. Chimbia nondo ndefu, zaidi ya moja, penye unyevu, na uimwagie maji shinani. Majani yanayogusa nyuzi yafyeke, nayo hunyonya umeme.

Cha kuchunga kweli ni pembe. Mbuzi akinasa kichwa wavuni hupigwa tena na tena, na hapo ndipo anaweza kufa. Mzoeshe mchana, wewe ukiwa karibu.