"Akifika miaka saba nakuja kumchukua": maneno ya mtaani kuhusu talaka, na ukweli wake

Nilikuwa darasa la nne wazazi wangu walipoachana. Tangu hapo nikawa mbeba maneno. Mama ananituma, "Kamwambie baba yako madaftari yamekwisha." Baba ananirudisha, "Kamwambie mama yako nilishatoa." Njiani nilikuwa nayapunguza makali ili wasigombane tena. Leo ni msaidizi wa kisheria, Tanzania Bara, na mezani kwangu nasikia kauli zilezile, nyingi zikisimama juu ya mambo ambayo sheria haijawahi kuyasema.

Inayotisha watu kuliko zote ni ya miaka saba. Baba anaahidi kuja kumchukua mtoto akitimiza saba, na mama anaingoja siku hiyo kwa hofu. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake, na hata hilo linaweza kupingwa kwa ushahidi. Hakuna mahali kinaposema kwamba akitimiza saba anahamia kwa baba. Mahakama inatanguliza ustawi wa mtoto, kisha inasikiliza matakwa ya wazazi, ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kujieleza, na mila za jamii yao. Tena inatakiwa kukumbuka kwamba kumhamishahamisha mtoto kunamvuruga. Wanaosema "nimetoa mahari, watoto ni wa ukoo wangu" wajue hivyo: mila zinasikilizwa, ila hazitangulii ustawi wa mtoto.

Halafu kuna nyumba. "Hati ina jina la mume, mimi sina changu." Mama mmoja alinijia na bahasha ya kaki. Alinitandikia risiti za saruji na mabati, wino umefifia, na daftari la vikoba lenye kona zilizokunjika. Alidhani risiti hizo chache ndizo haki yake yote. Nilipomuuliza nani alikuwa akiwapikia mafundi, nani aliteka maji ya kumwagilia matofali, nani alibaki na watoto mume akiwa safarini, alinitazama kama vile nimebadilisha mada. "Si mimi? Lakini hizo ni kazi za nyumbani tu."

Si "tu". Kifungu cha 114 kinataja mchango wa fedha, wa mali na wa kazi. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Wengi huishia hapo wanaposimulia kesi hiyo. Ukweli ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo: ilionekana mumewe alikwisha kumpa fedha na yeye Bi Hawa akazitapanya, zikahesabiwa kuwa ndilo fungu lake. Ndiyo maana simwahidi mtu "nusu kwa nusu". Mahakama huelekea kwenye usawa, lakini baada ya kupima mchango wa kila mmoja. Tunza risiti, tunza na majina ya mashahidi waliokuona ukihangaika.

"Nikiondoka nyumbani nimepoteza kila kitu." Hapana. Anayepigwa asibaki ndani kwa kuogopa kupoteza haki yake ya mali.

"Ameniandikia talaka, yamekwisha." Kwa Tanzania Bara, kisheria ndoa inavunjwa kwa amri ya mahakama. Kwa kawaida mnaanzia kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, liwe la kata au la dini, na likishindwa kuwapatanisha linatoa hati. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili, kwanza mnaomba kibali cha mahakama. Kwa ndoa ya Kiislamu, talaka iliyotolewa baada ya baraza kushindwa inapokelewa kuwa uthibitisho kwamba ndoa imevunjika, lakini bado mnafika mahakamani. Mahakama ya mwanzo inatosha, na huko ndiko mali na matunzo ya watoto vinaamuliwa. (Zanzibar wana utaratibu wao, na Waislamu huenda Mahakama ya Kadhi.)

La mwisho linaniuma mimi binafsi: "Ananinyima kumwona mtoto, basi sitoi matumizi." Baba ana wajibu wa kumtunza mtoto awe anaishi naye au anaishi kwa mtu mwingine. Hivyo ndivyo kifungu cha 129 kinavyosema. Kunyimwa kumwona mtoto ni shauri la kupeleka mahakamani, na huko hupangiwa siku za kumwona. Ada ikikatwa, anayerudishwa nyumbani ni mtoto.

Wiki iliyopita wazazi wawili waliokwisha talikiana walikaa mbele yangu saa tatu nzima. Tuliandika nani analipa nini, mtoto analala wapi likizo, na kwamba jambo lolote watapigiana simu wenyewe. Binti yao wa darasa la tatu alikuwa nje kwenye benchi, begi la shule mapajani. Walipotoka akasimama haraka.

"Nikamwambie nani?"

"Hakuna, mwanangu," mama akamjibu. "Tumeshaambiana."