Kinga ya Kwenye Plagi Hailindi Tundu la Mtandao

Nimeletewa tena swichi ya mtandao iliyoungua tundu za Ethaneti, ikiwa imefuatana na hoja ileile: haiwezi kuwa radi, maana kwenye plagi kulikuwa na kinga ya mipigo ya volteji. Kinga ya plagi hulinda njia ya umeme. Kebo ya mtandao inayotoka nje ya jengo ni njia nyingine kabisa, na mpigo wa volteji ukiingia kwa kebo hiyo, kinga ya plagi huupa tu mahali pazuri pa kutokea, baada ya kuwa umekwisha kupita katikati ya kifaa.

Wajuaji hunijibu kwamba tundu lina transfoma ya kutenganisha, yaani inayopitisha data bila nyaya za kebo kugusana na saketi ya ndani. Ni kweli kwamba IEEE 802.3, kiwango cha kimataifa cha Ethaneti, kinadai utenganisho wa volti 1,500 za AC kwa sekunde 60, ila radi ikipiga karibu, tofauti ya volteji kati ya majengo mawili hufika maelfu kadhaa. Hapo utenganisho huvunjika, mara nyingi kwenye kapasita ndogo iliyo kati ya transfoma na fremu (mwili wa chuma wa kifaa), ukaacha doa jeusi la masizi nyuma ya kiunganishi.

Basi mtu hununua kinga ya kebo, akaifunga vizuri, kisha waya wake wa ardhi akauzungusha mita nne hadi kwenye fimbo aliyoichimbia peke yake. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kila mita ya waya ina induktansi, yaani ukinzani dhidi ya mkondo unaobadilika ghafla, ya takribani maikrohenri 1. Mkondo ukipanda hadi ampea 3,000 ndani ya maikrosekunde 8, mita moja huzalisha volti 375 hivi, na mita nne volti 1,500, ambazo zote hujumlishwa juu ya volteji ambayo kinga imeachilia. Kuongeza unene wa waya hakusaidii sana, kwa kuwa kinachotawala hapa ni urefu. Isitoshe, kifaa hakijali volteji ya udongo. Kinajali tofauti kati ya kebo yake na fremu yake. Kwa hiyo ardhi ya kinga ifungwe kwenye fremu ya kifaa kwa waya mfupi kadiri iwezekanavyo, na fimbo yoyote ya ziada iunganishwe na ardhi ya jengo.

Hitilafu ya umeme wa gridi kugusa kebo ni jambo jingine. Radi huisha kwa maikrosekunde. Volti 230 zinaweza kukaa hapo hadi mtu azizime, na ndiyo maana jaribio la ITU-T, shirika la viwango vya mawasiliano, huendelea kwa dakika 15. Mrija wa gesi, kiungo cha ndani ya kinga kinachopitisha mkondo volteji ikizidi, peke yake utapata moto hadi uyeyushe plastiki. Panahitajika fyuzi, au kizuia mkondo kinachojirudisha chenyewe.

Hata kinga iliyofungwa barabara ina mawili ambayo vipeperushi vya wauzaji havisemi. Mirija miwili ya jozi moja ya nyaya isipowaka (isipoanza kupitisha mkondo) kwa wakati mmoja, mpigo uliokuwa sawa kwenye nyaya zote mbili hugeuka kuwa tofauti kati yao, nayo transfoma huipitisha moja kwa moja hadi kwenye chipu. Mrija wa elektrodi tatu hupunguza tatizo hilo, hauliondoi. Tena, kinga iliyokwisha kupigwa mara kadhaa huonekana nzima, na hakuna kipimo rahisi cha kazini kinachoonyesha uhai uliobaki. Mimi huibadilisha kwa kukisia, na kati ya majengo mawili hutandaza faiba, yaani kebo inayobeba data kwa mwanga, isiyo na chuma ndani yake.