Shuka taratibu, inuka kwa kasi: mazoezi ya nguvu na mruko wa kijana

Binti yangu ana miaka 15 na anacheza voliboli shuleni. Kocha wake anataka achuchumae na uzito, kisha ainuke polepole. Je, ataruka juu zaidi?

Ataongeza nguvu, na bila nguvu hakuna mruko. Shida ni muda. Anapojisukuma kuruka, miguu hupata kama theluthi moja tu ya sekunde kabla ya kuachana na ardhi, na misuli haiwahi kutoa nguvu zake zote. Kwa hiyo ashuke kwa sekunde 2 au 3, kisigino kikibaki chini na magoti yakielekea vidole viliko, halafu ainuke kwa kasi yote aliyonayo. Hata uzito ukimchelewesha, akazane kuinuka haraka: mkazo huo ndio unaofundisha ubongo kuziamsha kwa pamoja nyuzi za misuli zinazofanya kazi kwa kasi.

Arudie mara ngapi?

Mara chache kuliko makocha wengi wanavyodhani. Seti 3 za mara 5, apumzike dakika 2 kati ya seti, siku 2 kwa wiki zisizofuatana. Kasi ikianza kushuka, seti imekwisha. Katika utafiti wa Uhispania uliochapishwa mwaka 2017, wanaume waliokomea pale kasi ilipopungua kwa asilimia 20 waliongeza mruko kuliko wenzao walioendelea hadi asilimia 40, ingawa walinyanyua mara chache zaidi. Walikuwa watu wazima, lakini kwa kijana anayekua naona sababu ya kuacha mapema ni kubwa zaidi. Ndiyo maana napinga kichurachura cha kuzunguka uwanja mzima wiki ya kuelekea UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania. Kufikia raundi ya pili watoto wanajikokota tu, magoti yamegeukia ndani, na hapo hakuna anayejifunza kuruka.

Uzito hautamdumaza?

Hapana, mradi pawe na mtu mzima anayejua kusimamia. Majeraha mengi hutokana na uzito uliozidi na mkao mbaya. Shirika la Afya Duniani linashauri walio na miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki, na michezo yenye kuruka imo humo. Aanze bila uzito wowote. Mkao ukishatulia, avae begi la mgongoni lenye mchanga kidogo.

Nitajuaje kama anaendelea?

Apake chaki vidoleni, asimame kando ya ukuta na kugusa juu kabisa, kisha aruke na kugusa tena. Pima kati ya alama hizo mbili, kila baada ya wiki 4, akiwa hajachoka.

Analalamika maumivu chini ya goti.

Bonyeza taratibu kifundo cha mfupa kilicho chini kidogo ya pia ya goti. Kikiuma au kimevimba, huenda kano inavuta mfupa ambao bado unakua, jambo la kawaida umri huu. Apunguze kuruka hadi maumivu yatulie. Akichechemea, au goti lote likivimba, au maumivu yakimwamsha usiku, mpeleke hospitali.