Sailensi ikiganda juu kwenye gari ya zamani: tunayodanganyana gereji na ukweli wake

Kama unaendesha Corolla 110, Carina Ti au Noah zile za mwanzo hapa Arusha, hii unaijua: sailensi, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, inagoma kushuka. Gari imeshapata moto kabisa, umekaa foleni ya Sakina, geji ya RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) badala ya kutulia kwenye 700 au 800 imeganda 1500, ukilegeza breki kidogo tu gari inataka kumpanda wa mbele. Ukitoa N kuingiza D inapiga teke. Unaipeleka kwa fundi, na hapo ndo maneno yanaanza.

“Ni skrubu tu bosi, tunapunguza hapa hapa”

Hii ndo dhana inayoharibu gari nyingi kuliko zote. Ile skrubu ndogo inayozuia kipepeo cha throto (mlango wa hewa ya injini) imepangwa kiwandani, na mara nyingi utakuta imepakwa rangi juu yake ili mtu asiiguse. Kazi yake ni kuzuia kipepeo kisijikabe kwenye kuta za throto, haikuwekwa ili upandishe na kushusha sailensi. Upande wa pili wa throto kuna sensa inayoiambia kontrol boksi (kompyuta ya injini) kwamba mguu umetoka kwenye eksileta, sasa ukishachezea skrubu na mkao wa kipepeo unabadilika, sensa inaanza kudanganya, kontrol boksi haijui tena kama umeachia mafuta au umekanyaga kidogo, inaacha kudhibiti sailensi, na hata ukiwa unashuka kwenda Moshi umeachia eksileta haikati petroli kama inavyotakiwa. Alafu ugonjwa wenyewe bado upo pale pale.

Ni kweli zipo gari zenye skrubu halali ya sailensi, za kabureta na baadhi ya EFI (zinazopuliza petroli kwa kompyuta) za zamani. Ila hata hiyo inaguswa mwishoni baada ya kosa kujulikana. Fundi anayeanza na bisibisi kabla hajafungua hata mfuniko wa rejeta mimi simwachii funguo.

Kitu cha kushika ni kimoja. Injini ya petroli haipandi RPM yenyewe bila hewa. Kama imepanda na mguu hauko kwenye eksileta, kuna hewa inaingia, na ni ama kontrol boksi yenyewe imeiruhusu kwa sababu inadhani injini bado ya baridi, au hewa inajipenyeza mahali isipotakiwa. Utafutaji wote unaanzia hapo.

“Huku ni mlimani, hewa ni nyepesi, ndo maana”

Hapana. Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari na presha ya hewa huku ni pungufu karibu asilimia 15 ukilinganisha na Dar, lakini gari ya EFI inapima hewa yenyewe na kurekebisha petroli. Tena hewa nyepesi kwa uwazi ule ule ingeshusha sailensi, isingeipandisha. Gari ya kabureta ikitoka Dar itakula petroli na kutoa moshi mweusi, sawa, ila hiyo ni habari nyingine.

Na asubuhi ya Julai usishangae ukiwasha ikaanza na 1500 au hata 1800, ndivyo ilivyotengenezwa, itashuka taratibu jinsi joto linavyopanda. Huna haja ya kukaa robo saa getini unaisubiri, ipe nusu dakika hivi uondoke polepole. Ugonjwa ni pale inapokataa kushuka wakati injini imeshapata moto.

“Thamostati haina kazi, itoe”

Hapa ndo penye utamu. Huku mtu gari ikipandisha joto mara moja tu fundi anatoa thamostati anaitupa, wote mnafurahi geji haipandi tena. Thamostati za Toyota nyingi za zamani zinafunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kabla ya hapo zinafunga maji ili injini ipate moto haraka. Ukiitoa maji yanazunguka muda wote, na ukiwa barabara ya Moshi, asubuhi ya baridi, upepo unapiga rejeta, injini haifiki joto lake. Kontrol boksi inasoma baridi, inaongeza petroli, inaongeza hewa. Ukifika kwenye mataa unasimama na 1300, alafu unalalamika gari inakunywa mafuta.

Ndugu yake wa karibu ni maji kupungua. Toyota nyingi za zamani zinapitisha maji ya rejeta chini ya throto ili kuipasha moto ile valvu ya sailensi, na throto iko juu, kwahiyo maji yakipungua hata kidogo huko juu inabaki hewa tupu, valvu haipati moto, haifungi. Usidanganyike na kopo la pembeni kuwa limejaa. Injini ikiwa ya baridi kabisa (kabisa, maji ya moto yanababua) fungua mfuniko wa rejeta wenyewe uangalie kama maji yamefika shingoni. Gari kibao zinapona hapo hapo kwa kujaza na kutoa hewa tu, ila ujue maji hayajapotea bure, kuna sehemu yanavuja.

“Geji ya joto iko katikati, sensa ni nzima”

Geji ya dashibodi kwenye gari nyingi hizi ina sensa yake, ya waya mmoja. Inayosomwa na kontrol boksi ni nyingine, ina waya mbili. Moja inaweza kufa na nyingine ikawa nzima na wewe usijue. Ipime kwa mita, kwa Toyota kwenye nyuzi 20 isome kilo-omu 2 mpaka 3, kwenye nyuzi 80 ishuke mpaka kati ya 0.2 na 0.4. Ikibaki juu wakati injini ina moto, umempata mwizi.

“Mashine haijaona kitu, basi gari iko poa”

Mashine ya kupimia hitilafu inaona umeme. Mpira uliopasuka haina taarifa nao, kebo ya eksileta iliyokaza haina taarifa nayo, kapeti la miguuni lililoukalia mguu wa mafuta ndo kabisa. Toyota nyingi za miaka ya 90 hata hazihitaji mashine, kuna kiboksi chini ya boneti, unaunganisha tundu zilizoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unaweka swichi oni bila kuwasha, unahesabu taa ya injini inavyowaka. Ikiwaka mara mbili, ikapumzika, mara mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. 41 ni ile ya kipepeo cha throto.

Kama hakuna kodi (namba ya hitilafu kama hizo), rudi kwenye hewa. Kwa injini kama 5A ya Toyota, ambayo haina sensa ya hewa kwenye bomba la ea klina, injini ikiwa na moto chomoa lile bomba kubwa mbele ya throto uchungulie. Utaona kipepeo kimefunga, na karibu yake kuna kitundu. Kizibe kwa kidole. RPM ikianguka au gari ikataka kuzima, hewa inapita kwenye valvu ya sailensi, kwahiyo valvu imekwama wazi kwa uchafu au inaambiwa habari za uongo na sensa ya joto. Ukiziba na haishtuki, hewa inaingilia kwingine: kipepeo hakijafunga vizuri, gasketi ya manifoldi, au mipira. Gari yenye sensa kwenye bomba usiifanyie hivi, utaishia kuizima tu.

Mipira ya hewa inayoingia kwenye manifoldi unaikamua kwa plaizi mmoja mmoja, taratibu, mpira wa zamani unakatika. Ukikamua mmoja sailensi ikashuka ghafla, fuata huo. Usisahau ile mipira miwili myembamba kwenye pampu ya stelingi pawa, ina kivalvu cha kupandisha RPM kidogo ukikata kona, kikifa kinapitisha hewa muda wote na wakati mwingine kinavuta oili ya stelingi mpaka kwenye injini, moshi mweupe mtu anaambiwa ringi zimekufa! Gasketi puliza maji ya kawaida kwenye maungio, usipulize petroli kwenye injini ya moto jamani.

“Nilisafisha throto ndo ikaharibika”

Haijaharibika. Uchafu ulikuwa umepunguza njia, kontrol boksi ikazoea kufungua zaidi, sasa umeondoa uchafu na yenyewe bado inafungua kwa mazoea. Toyota za kebo ya eksileta chomoa fyuzi ya EFI kwa dakika kadhaa, rudisha, iache iungurume bila kukanyaga eksileta mpaka feni izunguke, mara nyingi inajipanga. Nissan nyingi ni wabishi, zinataka zifundishwe upya kwa utaratibu wake au kwa mashine, kwahiyo uliza kama fundi anaujua kabla hajashika hata bisibisi.

Na kabla hujaenda kununua valvu ya sailensi ya mtumba, ambayo yenyewe ilitoka kwenye gari usiyojua ilikuwa inasumbua nini, fungua ya kwako uioshe, angalia kama inacheza. Ununue gasketi yake mpya tu, ile ya zamani ukiirudisha inaweza kuvuta hewa, na utakuwa umejitengenezea sailensi ya juu nyingine.