Kuhamia penye joto, mashamba na michezo ya nje: yanayosemwa na yalivyo

Mtu akiamua kuhama ili aishi penye joto, mbali na mji, karibu na njia za kukimbia, miamba ya kupanda au maji ya kupigia makasia, mara nyingi huanza na picha. Na picha hiyo imepigwa mwezi mzuri, saa nzuri. Mimi naamini mahali pa kuishi pachaguliwe kwa mwezi wake mbaya kuliko yote, ule ambao hakuna anayejisumbua kuupiga picha. Ukiweza kuishi na kucheza mwezi huo, iliyobaki haitakusumbua. Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu jambo hili unakwenda kinyume, na sehemu yake kubwa si kweli.

"Ukikaribia ikweta, joto linazidi"

Latitudo, yaani umbali kutoka ikweta, ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mwinuko, na mara nyingi ndiyo yenye nguvu. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Quito, mji mkuu wa Ekuado, uko karibu kabisa na ikweta, lakini kwa kuwa umekaa mita 2,850 hivi juu ya usawa wa bahari, jua likizama watu hutafuta sweta. Medellín, huko Kolombia, uko kwenye mita 1,500 hivi na hukaa karibu na nyuzi 22 mwaka mzima. Joto kali kabisa duniani haliko ikweta, liko kwenye ukanda wa majangwa, kati ya latitudo 20 na 35 hivi, ambako hewa iliyopanda ikweta hushuka ikiwa imekauka na mawingu huwa haba.

Tazama jimbo la Arizona, Marekani. Mwaka 2023 Phoenix, ulio kwenye mita 330 hivi, ulipitisha siku 31 mfululizo za joto la nyuzi 43 au zaidi. Endesha gari kwa muda wa saa mbili kwenda kaskazini ufike Flagstaff, kwenye mita 2,100, na umo ndani ya msitu wa misonobari ambako theluji ya mwaka wa kawaida hupita mita mbili. Anayesema "nahamia Arizona" bado hajasema anahamia wapi. Hata kisiwa kimoja hugawanyika: Tenerife, kisiwa cha Hispania, ina mlima wa mita 3,715 katikati, na pepo zinazovuma kutoka kaskazini mashariki hugonga upande wa kaskazini, zikaacha mawingu na kijani kibichi, huku kusini kukibaki kukavu na jua likiwaka. Wanaokaa pande hizo mbili wako nchi moja, hawako kwenye hali ya hewa moja. Kwa hiyo jina la nchi lije mwishoni. Anza na mwinuko na upande wa mlima.

"Wastani ni nyuzi 18, basi baridi haipo"

Wastani huficha mchana na usiku, huficha Januari na Julai. Na kubwa kuliko yote, hausemi lolote kuhusu ndani ya nyumba.

Hapa ndipo wengi huumia. Nchi zenye majira mafupi ya baridi mara nyingi hujenga nyumba kana kwamba baridi haiji kabisa: kuta zisizo na kizuizi cha baridi, sakafu ya vigae, madirisha ya kioo kimoja, hakuna mfumo wa kupasha joto. Takwimu za Eurostat, shirika la takwimu la Umoja wa Ulaya, za mwaka 2023 zilionyesha kwamba Ureno na Hispania ndizo zilizoongoza katika Umoja wa Ulaya kwa watu wasiomudu kupasha nyumba zao joto la kutosha, asilimia 20.8 kila moja. Ufini, yenye theluji miezi kadhaa, ilikuwa miongoni mwa nchi zenye kiwango cha chini kabisa. Mishahara na bei ya umeme vimo katika hesabu hiyo, lakini ujenzi nao umo.

Ukienda kukagua nyumba ya shambani, sogeza kabati lililoegemea ukuta wa nje, hasa ule usiopigwa na jua. Pitisha kiganja. Ukikuta ubaridi wenye majimaji, vidoa vyeusi vya kuvu pembeni mwa sakafu, au rangi mpya iliyopakwa kwenye ukuta huo mmoja tu na mingine ikaachwa, umeshapata habari za Januari hata kama umekwenda Mei.

"Joto likiwepo, mwaka mzima ni wa michezo"

Hii ndiyo dhana inayonikera zaidi, kwa sababu inaweza kuua.

Mwili unaokimbia au kuendesha baiskeli hutengeneza joto jingi, na njia yake kuu ya kulitoa ni jasho linalokauka juu ya ngozi. Unyevu wa hewa ukiwa mkubwa, jasho halikauki, linadondoka tu. Ndiyo maana nyuzi 30 za pwani yenye unyevu zinaweza kumwangusha mtu aliyezoea kukimbia kwenye nyuzi 36 za bara kavu. Jeshi la Marekani lilibuni kipimo cha hali hii miaka ya 1950 baada ya wanajeshi wengi kuanguka mazoezini. Katika kipimo hicho, asilimia 70 ya alama hutoka kwa kipimajoto chenye kitambaa kilicholowa, ambacho husoma joto pamoja na unyevu. Asilimia 20 hutoka kwa makali ya jua, na 10 tu kwa joto la hewa la kawaida. Yaani ile namba unayoiangalia kwenye simu asubuhi ndiyo yenye uzito mdogo kuliko zote. Hadi leo mashindano mengi ya riadha hutumia kipimo hicho kuamua kama mbio ziahirishwe.

Kuzoea joto kunawezekana. Mwili huchukua kama wiki moja hadi mbili za mazoezi ya taratibu: damu inaongezeka majimaji, jasho linaanza mapema na chumvi yake inapungua. Lakini kuzoea kuna kikomo, na hewa iliyoshiba unyevu haizoeleki kwa ukakamavu. Panga saa. Katika mwezi mbaya wa mahali penye joto, saa za kucheza huwa alfajiri, na pengine saa moja ya mwisho jioni. Jiulize kama kazi yako inakuachia saa hizo.

Jambo jingine halisemwi: urefu wa mchana. Watu hudhani penye jua kali ndipo penye jioni ndefu. Karibu na ikweta jua huzama karibu saa ileile mwaka mzima, kuanzia saa kumi na mbili na dakika chache jioni huko Quito, na kiza huingia haraka. Ukitoka kazini saa kumi na moja, umebakiwa na saa moja tu ya mwanga, iwe Juni au Desemba. Lisbon, kwenye latitudo 38 na ushei, hupata karibu saa 15 za mchana Juni na tisa na nusu tu Desemba. Anayependa kupanda miamba baada ya kazi atafaidi sana huko katikati ya mwaka, kisha Desemba ategemee mwisho wa wiki. Hakuna lililo bora kwa kila mtu, ila ni lazima ujue lipi unanunua.

Wanamichezo wazoefu wanalijua hili na hawalazimishi. Kalymnos, kisiwa cha Ugiriki chenye miamba ya chokaa inayopendwa na wapandaji wa dunia nzima, hujaa zaidi majira ya kuchipua na mwezi Oktoba. Agosti wanaobaki hufuata kivuli: upande wa magharibi asubuhi, wa mashariki alasiri.

"Ukiishi mashambani, kila njia ni yako"

Nafasi kuonekana wazi na nafasi kuwa wazi kwako kisheria ni vitu viwili. Norwei ina sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu haki ya kutembea kwenye ardhi isiyolimwa hata kama ina mwenyewe. Uskoti ilipata haki pana ya namna hiyo kwa sheria ya mwaka 2003, na baiskeli na farasi wamo. Vuka mpaka uingie Uingereza kusini yake: haki ya kuzurura nje ya njia inahusu takriban asilimia 8 tu ya ardhi, na kwingine unafuata njia za miguu zilizosajiliwa. Hata hizo zina madaraja: kuna za watembea kwa miguu peke yao, na kuna za farasi ambazo baiskeli iliruhusiwa tangu sheria ya 1968. Kwenye ramani zinatofautiana kwa vistari tu. Kwenye lango shambani, tofauti ni mkulima anayekurudisha ulikotoka.

Marekani nayo si moja. Nevada, karibu asilimia 80 ya ardhi ni ya serikali kuu. Texas, zaidi ya asilimia 90 ni ya watu binafsi, kwa hiyo unaweza kuzungukwa na maelfu ya hekta usiweze kukanyaga hata moja. Na ardhi ya umma pia ina masharti: maeneo yaliyotengwa chini ya sheria ya hifadhi ya nyika ya mwaka 1964 hayaruhusu baiskeli kabisa. Mwendesha baiskeli ya milimani akinunua nyumba chini ya mlima kama huo, atautazama dirishani maisha yake yote. Kabla ya kulipa hata arubuni, chukua ramani rasmi ya umiliki, weka alama kwenye nyumba, uhesabu ni njia ngapi unaweza kuzianza mlangoni bila kupanda gari, kwa mchezo wako wewe. Uliza pia majira ya uwindaji, maana njia ya wazi Agosti inaweza kufungwa Novemba.

Ndogondogo zinazorudiwa kila siku

Kwamba maisha ya mashambani yana gharama ndogo: kodi ya nyumba yaweza kuwa ndogo, lakini magari huwa mawili, kisima kina pampu, maji machafu yana tangi lako mwenyewe, na fundi anatoza safari. Kwamba hewa ni safi: mabonde yaliyozungukwa na milima hukusanya hewa baridi chini usiku, hewa ya juu ikiwa na joto hukaa kama kifuniko, na moshi wa kuni na majani yanayochomwa hubaki hapohapo hadi jua lipande. Nenda ukasimame pale alfajiri ya siku isiyo na upepo, utaona tabaka la kijivu limelala sawa na paa za nyumba. Kwamba ukikaa juu utakuwa na pumzi za mkimbiaji wa Iten, ule mji wa wakimbiaji huko Kenya: kwenye mita 2,400 shinikizo la hewa ni kama robo tatu ya la pwani, wiki za kwanza utakwenda polepole kuliko ulivyozoea, na miale ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000.

"Hali ya hewa ya Mediterania haina hatari"

Hii ndiyo inayotamaniwa kuliko zote: mvua majira ya baridi, kiangazi kikavu chenye anga safi. Inapatikana kuzunguka bahari hiyo yenyewe, California, Chile ya kati, Rasi ya Afrika Kusini na kusini mwa Australia. Lakini ukavu uleule unaokupa njia kavu miezi mitano ndio unaogeuza vichaka kuwa kuni. Juni 2017 moto wa Pedrógão Grande, Ureno, uliua watu 66, wengi wao barabarani wakikimbia kwa magari. Novemba 2018 mji wa Paradise, California, uliteketea na watu 85 wakapoteza maisha katika moto huo.

Sisemi mtu asihamie huko. Nasema aangalie barabara. Nyumba ya mwisho kwenye njia moja inayopanda korongo lenye misonobari ina mandhari nzuri na ina njia moja tu ya kutokea. Tafuta yenye mbili. Omba bima kwa maandishi kabla ya kununua, si baada, kwa sababu yapo maeneo ya California ambako makampuni yameacha kuchukua wateja wapya.

"Nimeenda likizo mara kadhaa, napajua"

Likizo huchagua mwezi mzuri, tena bila kazi, bila foleni ya ofisi, bila daktari wa karibu kuwa mbali. Unachohitaji ni kupanga nyumba mwezi mbaya, ufanye kazi saa zako za kawaida, ujaribu kucheza siku za katikati ya wiki. Mbaya ni upi? Sehemu nyingi za joto kavu ni Julai na Agosti kaskazini mwa dunia, Januari kusini. Penye mvua za msimu ni wakati njia zinapogeuka tope.

Karatasi nazo zina dhana yake, kwamba mgeni akitoka nchi moja ya Ulaya kuingia jirani hesabu inaanza upya. Haianzi. Kanuni ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, kwa mgeni wa muda mfupi ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, nchi zote zikihesabiwa pamoja. Kukaa zaidi kunataka kibali, ambacho mara nyingi huombwa kabla hujasafiri, na nchi nyingi humhesabu mtu aliyekaa zaidi ya siku 183 kwa mwaka kuwa mlipa kodi wao. Lakini siku 90 zinatosha kwa jaribio zuri: Julai nzima na Agosti nzima ni siku 62, kisha unarudi Desemba na siku 28 zilizobaki, nyumba ileile, ukalale chumba kile kisichopata jua.